Dizaini ya Mwalimu: neno moja katika mkataba wa nyumba

Mwalimu aliyenifundisha darasa la sita alinipigia simu Jumapili moja asubuhi. Baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka. "Mwanangu, si wewe unayetafsiri mikataba ya watu? Basi njoo uniambie dizaini ni kitu gani, maana nimelipia na sijui nimenunua nini."

Nilikwenda. Mwalimu amestaafu, anaishi Tanga, na kiinua mgongo chake amekielekeza kwenye kiwanja alichonunua miaka mingi iliyopita upande wa Pongwe. Nilimkuta ametandaza mezani picha sita za rangi na karatasi moja ya mkataba. Picha zilikuwa nzuri, hilo lazima niliseme. Nyumba ya chini, kuta nyeupe, bati limefichwa nyuma ya ukuta, vioo kuanzia sakafuni, minazi miwili, gari jeusi limeegeshwa. Picha moja ilikuwa ya usiku, taa zinawaka kila pembe. Juu ya mlango wa mbele kulikuwa na kibaraza cha zege kimechomoza kama ulimi, na chini yake hakuna nguzo hata moja.

Mkataba ulikuwa na mistari tisa. Wa tatu ndio uliozaa ugomvi: "Mchoraji atamkabidhi mteja dizaini kamili ya nyumba ya kuishi yenye vyumba vitatu." Chini kulikuwa na saini mbili. Ya Mwalimu ilikuwa kwa mwandiko uleule aliokuwa akiutumia ubaoni, herufi zimesimama wima.

Mambo yalikwenda hivi. Alilipa nusu, akapokea zile picha sita pamoja na karatasi moja yenye mgawanyo wa vyumba, akalipa nusu iliyobaki, akaenda halmashauri kuomba kibali cha ujenzi. Ofisa alizitazama, akamrudishia kwa adabu. Alitaka mchoro unaoonyesha nyumba inakaa wapi ndani ya kiwanja, ramani ya sakafu yenye vipimo, mikato (nyumba ikionyeshwa kama imekatwa wima), paa, msingi, na michoro ya mhandisi kwa sehemu za zege, vyote vikiwa na mihuri ya wataalamu waliosajiliwa. Katika maelezo yake yote, Mwalimu anakumbuka vizuri, ofisa hakulitamka neno dizaini hata mara moja.

Akampigia simu yule kijana aliyemchorea. Kijana akajibu: "Mama, dizaini nilishakukabidhi. Hiyo mingine ni michoro ya ujenzi, ina malipo yake." Mwalimu akaona ametapeliwa. Kijana akaona anadaiwa kazi ya bure. Wakanyamaziana miezi miwili, na mvua za masika zikaotesha majani kiwanjani.

Nimewasikiliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na ninaamini hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa ameshika upande mmoja wa neno ambalo tangu lilikozaliwa lina pande mbili.

Masikio manne

Kwanza nilitaka kujua kila mtu alisikia nini pale neno lilipotamkwa.

Mwalimu aliposema dizaini alimaanisha nyumba yote kabla haijajengwa: ilivyofikiriwa, ilivyopimwa, ilivyochorwa, mpaka fundi akiipokea asibaki na swali. Neno "kamili" kwake ndilo lililofunga mjadala.

Kijana, aliyejifunza kazi yake kwenye kompyuta na anaifanya kwa bidii, aliposikia dizaini alisikia muonekano. Nyumba ikoje ukiitazama. Kwa wenzake wote wa kazi hiyo ndivyo linavyotumika, na alipoandika "dizaini kamili" alimaanisha picha za pande zote, mchana na usiku. Kwa kipimo chake alikuwa ametimiza, tena kwa ziada, kwa sababu picha ya usiku haikuwamo kwenye makubaliano.

Mhandisi mmoja tuliyemshirikisha baadaye alikuwa na dizaini ya tatu kabisa. Yeye husema "hii bimu haijadizainiwa" akimaanisha kwamba hakuna aliyekokotoa mzigo wake, unene wake, wala nondo zake. Kwake unaweza kuwa na michoro hamsini mizuri na bado dizaini hakuna.

Halafu kuna mpwa wa Mwalimu, kijana wa bodaboda, aliyekuwepo siku ya makubaliano. Ndiye aliyetoa simu na kumwonyesha mchoraji nyumba moja mtandaoni akisema, "Shangazi anataka dizaini hii." Kwa Kiswahili cha vijana wa Tanzania dizaini ni namna, ni jinsi. "Dizaini kama hajaelewa" maana yake ni "kama vile hajaelewa". Kwa hiyo mpwa alisema tu kwamba shangazi yake anataka nyumba ya namna ile. Mchoraji akachukua ile picha kama agizo, na kile kibaraza kisicho na nguzo kikaingia kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu bila mtu yeyote kukiomba.

Watu wanne, neno moja. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, sura ya 345, katika kifungu cha 13 inasema watu huhesabiwa kuwa wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya kitu kilekile kwa maana ileile. Nilimsomea Mwalimu maneno hayo ya mwisho mara mbili. Akavua miwani. "Kwa maana ileile," akarudia. "Basi sisi hatukuwahi kukubaliana."

Lilikotoka

Aliyeniuliza ni mwalimu wa lugha, kwa hiyo jibu la "ni neno la Kiingereza" lisingemtosha. Nililifuata mpaka mwanzo wake.

Mzizi ni Kilatini: signum, yaani alama. Kutokana nao likaja tendo designare, kutia alama, kuonyesha kitu kwa alama ili kijulikane, na pia kumteua mtu. Roma ya kale konsuli, yaani kiongozi mkuu wa dola, aliyekwisha kuchaguliwa lakini bado hajakalia kiti aliitwa designatus. Alikuwa ametiwa alama, kazi yake ikiwa bado iko mbele. Mimi naona maana yote imelala hapo. Kitu hakijawa, lakini kimeshakusudiwa na alama yake ipo.

Signum hiyohiyo ndiyo iliyowapa Waingereza neno sign, ambalo nasi tumelichukua tukaliita saini. Kwa hiyo kwenye karatasi ile ya mistari tisa, dizaini iliyokuwa katikati na saini zilizokuwa chini ni watoto wa tumbo moja. Mwalimu alilipenda hilo kuliko yote niliyomwambia siku ile. Aliweka kidole kwenye saini yake, akakipandisha mpaka mstari wa tatu, akakirudisha chini.

Waitalia walilichukua neno la Kilatini wakalifanya disegno, na kwao lilibeba mambo mawili bila kuyatenganisha: mstari unaochorwa kwa mkono, na wazo lililo kichwani kabla mkono haujasogea. Mwaka 1563 mjini Florence, chini ya mtawala Cosimo wa ukoo wa Medici, kilianzishwa chuo cha wasanii kilichobeba neno hilo katika jina lake. Msukumo wake mkubwa ulitoka kwa Giorgio Vasari, mchoraji na msanifu majengo, aliyefundisha kwamba disegno ndiyo baba wa sanaa tatu, ujenzi, uchongaji na uchoraji, na kwamba chimbuko lake ni akili. Mchoraji mwingine, Federico Zuccari, mwaka 1607 alikwenda mbali zaidi. Aligawa disegno ya ndani na disegno ya nje. Ya ndani ni ile sura iliyo moyoni mwa mtengenezaji, ya nje ni ile inayoonekana kwenye karatasi.

Ningeweza kuishia hapo nikawa nimeshaeleza ugomvi wa Pongwe, maana kijana alitoa ya nje na Mwalimu alikuwa akidai ya ndani. Lakini njia ya neno hili kupitia Ufaransa inafundisha zaidi.

Wafaransa nao walilipokea kutoka Italia, na kwa muda mrefu waliandika dessein kwa maana zote mbili. Baadaye wakaona zinachanganya, wakazigawa kwa tahajia. Dessin likabaki kuwa mchoro, dessein likawa kusudi. Ukiyatamka, sikio halisikii tofauti. Jicho ndilo linalotofautisha. Kila mtoto wa shule Ufaransa hufundishwa asiyachanganye.

Waingereza hawakugawa. Neno design lilipotulia kwao kama jina, mwishoni mwa karne ya 16, maana iliyotangulia ilikuwa ya ndani, yaani azma, mpango wa moyoni, mara nyingi mbaya. Shakespeare katika tamthilia ya Macbeth anamtumia Tarquin, yule mbakaji wa hadithi za Roma, akinyata kuelekea "design" yake kama mzimu. Pale hakuna karatasi wala kalamu. Ni nia ovu inayotembea usiku. Mpaka leo Mwingereza akisema jambo limefanywa "by design" anamaanisha kwa makusudi, na akisema mtu ana "designs" juu ya mali yako, ujue unatahadharishwa.

Ile sura ya nje ilikuja kupata nguvu kupitia vitambaa. Mwaka 1787 bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwalinda wanaobuni michoro ya kitani, pamba, kaliko na melimeli zilizopigwa chapa. Ulinzi wenyewe ulikuwa wa miezi miwili tu tangu kitambaa kitoke. Miongo mitano baadaye wenye viwanda walikuwa wakilalamika kwamba wanunuzi wanakimbilia bidhaa za Ufaransa kwa uzuri wa michoro yake, na serikali ikafungua shule ya design pale Somerset House, London, mwaka 1837. Hapo neno likawa kazi ya mtu, likawa kitu cha kufundishwa, kusajiliwa na kuuzwa, na mara nyingi kitu hicho kilikuwa ua kwenye kitambaa au umbo la sahani.

Pwani yetu ililijua upande huo mapema kupitia kanga, ambazo kwa miaka mingi zilipigwa chapa ng'ambo, Uingereza, Uholanzi, India na Japani, kwa kuagizwa na wafanyabiashara wa huku. Lakini bibi zetu hawakuhitaji neno dizaini kuizungumzia kanga. Walikuwa na pindo, mji na jina. Pindo huzunguka, mji uko katikati, jina ni yale maneno. Ukimwambia mwanamke wa Mombasa au Unguja "pindo lake zuri lakini mji haunipendezi", amekuelewa mpaka mwisho.

Wafaransa waliogawa neno lao kwa uangalifu wote ule, karne ya 20 walijikuta wakilikopa tena kutoka kwa Waingereza, wakalitamka Kiingereza vilevile: design. Lilirudi likiwa na maana nyembamba. Mfaransa akisema kiti fulani ni "très design" anazungumzia muonekano wake wa kisasa, mistari safi, rangi moja. Kusudi halimo. Wenye mamlaka ya lugha kule wakapendekeza neno stylique badala yake, halikushika. Ninaposoma habari hiyo naiona Tanga. Neno likivuka mpaka likiwa limevaa fasheni, kinachovuka kwanza ni nguo. Nasi tulipolipokea tulipokea muonekano, na kwa bahati mbaya tuliliandika kwenye mikataba kana kwamba tumelipokea zima.

Kibaraza

Kwa nini haya yana uzito kuliko ugomvi wa pesa? Kwa sababu ya kile kibaraza.

Mhandisi alipozishika zile picha, macho yake yalikwenda pale moja kwa moja. "Hiki kinashikwa na nini?" Kijana akasema kinashikana na ukuta. Kwa makadirio ya picha kilichomoza mita mbili na nusu. Kwenye programu ya kompyuta kitu hukaa ulipokiweka. Ukikiacha hewani kinabaki hewani, kivuli chake kikilala vizuri sakafuni.

Zege lina tabia yake. Likigandamizwa linavumilia sana, likivutwa linapasuka upesi. Ndiyo maana tunaweka nondo, zibebe mvuto. Boriti iliyolala juu ya nguzo mbili ikielemewa hubonyea katikati, kwa hiyo upande wa chini ndio unaovutwa na nondo nene hukaa chini. Mafundi wengi mikono yao imezoea hivyo. Kibaraza kinachoning'inia ni kinyume. Ncha yake inataka kushuka, upande wa juu ndio unaovutwa, kwa hiyo nondo kuu lazima ziwe juu na ziingie ndani ya nyumba kwa urefu wa kutosha, kwenye kitu kizito kinachozishikilia. Ukizilaza chini kwa mazoea, kibaraza kinaweza kusimama wakati mbao za chini zipo. Siku mbao zinatolewa ndiyo siku ya hatari.

Picha haisemi nondo zikae wapi. Mhandisi alimchorea kijana mistari miwili nyuma ya bahasha, mmoja juu na mmoja chini, akauzungushia duara ule wa juu. Nilimwona kijana anavyoitazama ile bahasha. Aliomba kubaki nayo.

Kisha kulikuwa na jambo lililoniuma zaidi, na halikuhusu zege. Mwalimu anaishi na mama yake mzazi, bibi mzee sana, anayetembea kwa kiti cha magurudumu. Nyumba yenyewe anaijenga kwa sababu hiyo, maana nyumba anayopanga sasa ina mlango mwembamba na choo kiko nje. Katika zile picha mlango wa mbele una ngazi tatu. Mwalimu hakuziona ngazi, aliona mlango mzuri. Kijana hakumjua bibi, kwa sababu hakuna aliyemwambia na hakuna aliyemuuliza Mwalimu nyumba hii ni ya nani. Alipewa picha ya simu, akaanza kazi.

Nilipouliza, "Mwalimu, ulimwambia habari za bibi?" alikaa kimya kidogo. "Nilidhani kwenye dizaini watauliza."

Alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Dizaini kwa maana yake nzima huanza na swali hilo. Yule konsuli wa Roma hatiwi alama kabla watu hawajajua wanamteua kwa kazi gani.

Maneno tuliyokuwa nayo

Tulipokaa kuandika upya makubaliano, chini ya mwembe uani kwa Mwalimu, sharti lake lilikuwa moja: neno dizaini lisiwemo. Mimi silichukii neno hilo. Limeshakuwa Kiswahili, linanyumbulika, watu wanadizaini na vitu vinadizainiwa, na mtaani limepata maisha yake mapya. Lakini kwenye karatasi ya pesa nilikubaliana naye. Basi tukatafuta tunavyo nini.

Tulianza na ramani. Watu wanaotaka kujenga Tanzania nzima husema "natafuta ramani ya nyumba", na neno hili lina heshima yake. Wanaisimu hulihusisha na rahmani, jina ambalo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliviita vitabu vyao vya kuongozea vyombo, lenye asili ya Kiajemi, rah ikiwa njia na nama kitabu. Ramani kwa asili yake ni maelekezo ya safari ambayo nahodha mwingine akiyashika anafika. Mchoro wa nyumba unaostahili kuitwa ramani ni ule ambao fundi asiyekujua akiushika anajenga.

Usanifu na ubunifu vilituchukua muda zaidi, kwa sababu taaluma yenyewe haijakaa kwenye jina moja. Bodi inayowasajili wataalamu hawa Tanzania huwaita wabunifu majengo. Kenya utasikia zaidi wasanifu majengo. Kubuni ni kuleta jambo jipya, ila lina kivuli cha kukisia, tunasema hadithi ya kubuni. Kusanifu limetokana na Kiarabu, kupanga vitu kwa taratibu na kutunga kitabu, na ndilo lililotupa jina la Kiswahili sanifu baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930. Mimi moyo wangu uko kwa usanifu, kwa sababu ndani yake kuna utaratibu pamoja na uzuri. Mwalimu alipendelea ubunifu, akasema nyumba yake hataki ipangwe kama sarufi. Hatukuafikiana, na kwenye mkataba hatukutumia lolote kati ya hayo mawili.

Nakshi tuliiweka kando mapema. Ni ya juu ya mlango, haiushiki mlango.

Mke wa mpwa, aliyetuletea chai, ndiye aliyesema kitu ambacho wataalamu hatukukisema. Yeye ni fundi cherehani. Wateja wake humtumia picha za mishono kila siku, na mshono ndilo neno lao kwa kile wengine wanachoita dizaini ya gauni. "Mtu akinitumia mshono," alisema, "bado sijaanza. Nampima kwanza. Halafu namuuliza unavaa wapi, harusini au kazini? Akiwa ananyonyesha nafungua mbele. Nikishajua hayo ndiyo nakata. Picha ya mwanamke mwembamba mrefu huwezi kuikata vilevile kwa mtu mwingine, kitambaa kitaharibika." Akamgeukia kijana, akamuuliza kwa upole, "Wewe ulimpima bibi?"

Kijana alitikisa kichwa.

Ilivyoandikwa upya

Mkataba wa pili ulikuwa mrefu kidogo. Ulianza na aya inayoeleza nyumba ni ya nani na itatumikaje: mwalimu mstaafu na mama yake anayetumia kiti cha magurudumu, wajukuu wakati wa likizo, wanafunzi wachache wa jioni barazani. Aya hiyo tuliipa jina Kusudi la nyumba. Baada yake ukaja Muonekano, yaani picha, ambazo kijana alikuwa ameshazilipwa na zikahesabiwa zimekwisha, isipokuwa ile ya mlango wa mbele ambayo angeirekebisha. Kisha Ramani na michoro, tukiitaja mmoja mmoja kama ofisa wa halmashauri alivyoitaja: kiwanja, sakafu, mikato, msingi, kenchi na paa. Mwisho Hesabu za mhandisi, zenye jina lake, muhuri wake na malipo yake peke yake.

Kuhusu pesa, hukumu yangu ilikuwa hii, na niliisema mbele ya wote. Aliyeleta neno mezani ndiye mwenye wajibu wa kulifungua. Kijana ndiye aliyeandika "dizaini kamili", yeye ndiye anayeishi na neno hilo kila siku, na yule mama mbele yake hakuwa na njia ya kujua kwamba kwenye fani ile ukamilifu unaishia kwenye picha. Kwa hiyo achore mikato na msingi bila malipo mengine, na atafute mbunifu aliyesajiliwa wa kuipitia na kuigonga muhuri. Mwalimu naye alibeba gharama za mhandisi, kwa sababu hesabu za zege ni kazi ya mtu mwingine kabisa na hakuna mchoraji mwaminifu angeziahidi. Kijana aliomba dakika chache, akazunguka mwembe, akarudi akakubali. Ninamheshimu kwa hilo. Wengine wangezima simu.

Kibaraza kilipata nguzo mbili, kikafupishwa. Kijana alihuzunika kidogo, kisha akaona nguzo zile zinaweza kupandwa maua yanayopanda.

Ngazi zilileta hesabu yake. Tatu, kila moja sentimita 15, zinafanya sentimita 45 kutoka ardhini mpaka sakafuni. Kwa mteremko wa kiti cha magurudumu kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda mbele. Arobaini na tano mara kumi na mbili ni mita tano na sentimita arobaini. Kwenye karatasi ni namba tu, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata tulikwenda Pongwe na kamba.

Fundi alipigilia kigingi pale mlango utakapokuwa. Kijana akaivuta kamba kuelekea barabarani, akapima, akapigilia cha pili. Mteremko ulikula karibu nafasi yote ya mbele, pale ambapo kwenye picha gari jeusi lilikuwa limeegeshwa. Mwalimu alisimama kwenye kigingi cha chini, akaanza kutembea polepole, mikono yake mbele kana kwamba anasukuma kiti, mpaka akafika cha juu. Akageuka.

"Hapa katikati atachoka," alisema. "Wekeni mahali pa kupumzika."

Kijana alitoa daftari, akaandika.